Bushi ya mpingo iliyobana shafti: kisa cha mashua moja ya Sahare

Siku ya tisa tangu mashua irudi majini, nahodha alinipigia simu alfajiri. Injini inawaka vizuri, akasema, lakini ukiingiza gia inazima. Ukitoa gia inawaka tena. Nikamuuliza kama wamejaribu kuizungusha shafti kwa mkono. "Fundi, tumeishika watu wawili na spana ya bomba. Haiendi."

Ile shafti ilikuwa ikizunguka ndani ya bushi niliyoitengeneza mimi na mzee mmoja seremala, hapa hapa Tanga, kwa brasi na mpingo. Tulikuwa tumeipima vizuri. Siku ya kuifunga, mtoto angeweza kuizungusha propela kwa kidole. Naandika kisa hiki chote kwa sababu kosa lililotupata halikuwa la uzembe, na fundi yeyote makini wa pwani anaweza kulifanya kesho.

Kwa asiyeijua mashua yenye injini ya ndani: shafti inatoka kwenye gia, inapita ndani ya bomba lililotobolewa kwenye fashini, ule mti wa wima wa nyuma ya chombo, kisha inatokeza nje chini ya maji ikiwa na propela mwishoni. Kwa ndani kuna pakingi ya nyuzi zenye grisi inayozuia bahari isiingie chomboni. Kwa nje, karibu na propela, ndipo inapokaa bushi. Hiyo ndiyo inayobeba uzito wa shafti na kuishika isipige kelele. Inalainishwa na maji ya bahari yenyewe, haipewi mafuta wala grisi. Ikilegea, chombo kizima kinatetemeka na pakingi inaanza kuvuja. Ikibana, ndiyo kama hivi.

Bushi ya kawaida siku hizi ni silinda ya brasi iliyovishwa mpira wenye mifereji ndani. Nasema wazi kwamba kama ningeipata ya kipimo chetu, ningeiweka hiyo. Ila shafti ya mashua hii ilikuwa imekwaruzwa na mchanga, ikabidi ikerezwe upya mpaka ikafika milimita 40 kamili. Madukani kulikuwa na bushi za inchi moja na nusu na za milimita 45. Ya 40 ni ya kuagiza, wiki sita kama mambo yakienda sawa. Msimu wa kaskazi ulikuwa unaishia, na mwenye chombo alikuwa na mabaharia wanane wanaosubiri kwenda kuvua mkondo wa Pemba. Kusi ikianza, siku za kutoka zinapungua.

Wazo la mbao lilikuwa langu, na si jipya hata kidogo. Meli za kwanza za propela katika karne ya 19 zilikuwa na bushi za chuma na shaba tupu, nazo zilikuwa zikilika haraka mno. Mhandisi Mwingereza John Penn, aliyekuwa na karakana Greenwich, mwaka 1854 alipata hataza ya kuzivisha bushi hizo kwa vipande vya mti uitwao lignum vitae, maji yakipita katikati yake. Tatizo lilikwisha, na mti huo ukatumika kwenye meli kubwa kwa zaidi ya miaka 100. Ni mti wa visiwa vya Karibi, ua lake ni ua la taifa la Jamaika. Mzito kiasi cha kuzama majini, na ndani yake una utomvu unaoteleza. Kabla ya Penn, Mwingereza mwingine, seremala John Harrison, aliutumia kwenye saa zake dhidi ya pini za brasi ili zisihitaji mafuta kabisa. Saa yake ya mnara pale Brocklesby Park, aliyoijenga mwanzoni mwa miaka ya 1720, bado inatembea. Mbao na brasi zikishikana vizuri ni ndoa ya kudumu, si kitu cha kubahatisha.

Sisi hatuna lignum vitae. Tuna mpingo. Nao unazama majini, mita moja ya ujazo ina kama tani moja na robo, nyuzi zake zimebanana mno na una mafuta yake. Nilipomweleza mzee, aliinua kipande cha kiini cheusi kutoka kwenye rundo lake akanigongea nacho kwenye jiliwa. Kililia kama chuma. "Huu hauli maji, mwanangu," akasema.

Sentensi hiyo nataka msomaji aishike. Mzee huyu ametengeneza gofia na kupiga kalafati vyombo tangu ujana wake. Anajua kuliko mtu yeyote ninayemfahamu kwamba mbao za jahazi lililokaa pwani juani hunywea mpaka ukaona mwanga katikati yake, na kwamba likirudishwa majini hufura na kuziba zenyewe. Anajua hilo kwa mninga, kwa mvule, kwa mkoko. Kwa mpingo aliamini hapana, na mimi nikaamini pamoja naye, kwa sababu kila anayeushika mpingo anaamini hivyo.

Bushi ya kwanza ilikuwa hivi. Ganda la brasi lenye kipenyo cha ndani cha milimita 60. Urefu milimita 160, kwa kufuata kanuni ya zamani ya mafundi wa meli kwamba bushi ya mbao inayolainishwa na maji iwe na urefu mara nne ya kipenyo cha shafti. Ndani ya ganda tulipanga papi nane za mpingo, kila moja ikienda urefu wote wa bushi, nyuzi zikilala sambamba na shafti. Zilibanana ubavu kwa ubavu bila hata nafasi ya kupitisha karatasi, na tulijivunia jambo hilo. Tukachonga mifereji minne ya maji, kisha nikakereza tundu mpaka milimita 40.30. Nafasi ya robo milimita na ushei kwa shafti ya 40 inatosha kabisa.

Brasi nayo ilitaka akili yake. Bushi kuukuu tuliyoitoa ilikuwa na mabaka mekundu, na nilipoikwangua kwa bisibisi ikameguka kama biskuti. Hiyo ndiyo tabia ya brasi ya kawaida, yenye shaba kama asilimia 60 na zinki 40, ikikaa kwenye maji ya chumvi: bahari inaivuta zinki, na kinachobaki ni shaba nyekundu yenye vitundu, isiyo na nguvu. Kwa jicho la haraka umbo bado lipo, ila chuma hakipo. Tulitafuta brasi ya meli, ile iliyoongezwa bati kama asilimia 1, inayostahimili zaidi, na nikafunga kipande cha zinki kwenye shafti ili kiliwe chenyewe badala ya ganda. Upande huu wa kazi haukutusumbua tena.

Nirudi kwenye ile alfajiri.

Nilifika Sahare maji yakiwa yanaanza kupwa. Jambo la kwanza nililolishuku ni kamba. Nyavu zilizokatika huzunguka kwenye propela na kuibana, ni kitu cha kila wiki. Kijana alizama akarudi: propela safi. La pili, pakingi. Huenda mtu aliikaza mno kuzuia matone. Nikalegeza nati zake mpaka maji yakaingia kwa mkupuo, shafti ikakataa vile vile. La tatu, labda injini imehama kwenye viti vyake, shafti ikapinda njia. Nikafungua bolti za kuunganisha shafti na gia na kupitisha kipimo cha fila, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, kile kile cha kusetia valvu, pande zote nne. Tofauti ilikuwa chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Njia ilikuwa sawa.

Ndipo nahodha akasema kitu ambacho ningemuuliza mapema kama ningekuwa na akili iliyotulia. Siku nne za kwanza mashua ilikuwa nyepesi kuliko ilivyowahi kuwa. Siku ya sita aliona injini inatoa moshi mweusi zaidi kwa mwendo ule ule. Siku ya nane ilikuwa nzito, akadhani ni mkondo. Usiku wakalala nanga. Asubuhi shafti haigeuki.

Kitu kinachobana polepole kwa siku tisa, kisha kikamaliza kazi usiku chombo kimetulia, si kamba wala si bolti. Nilijua hapo hapo, na nilijisikia vibaya sana, kwa sababu watu wanane walikuwa wamekosa siku yao ya bahari kwa kazi ya mikono yangu.

Tulisubiri bamvua. Hapa kwetu maji ya bamvua yanapanda na kushuka zaidi ya mita tatu, kwa hiyo chombo unaweza kukiegemeza kwenye magogo, ukafanya kazi maji yakiwa yamekupwa, ila saa zako zinahesabika. Shafti ilitoka kwa nyundo ya mbao na kwa jasho. Bushi ilipofika mezani, ndani mpingo ulikuwa umeng'aa kama kioo cheusi, na ulinuka harufu ya kuungua, ile tamu kidogo. Nikapima tundu: milimita 39.8. Lilikuwa 40.30 siku tulipolifunga.

Hesabu yake si ngumu ukishaiona. Mti haufuri sawa pande zote. Kwa urefu wa nyuzi karibu haufuri kabisa. Kwa kukata nyuzi unafura, na upande unaofuata duara za mti unafura zaidi ya upande unaotoka kwenye kiini kwenda gome. Mpingo ni mtulivu kuliko miti mingi, lakini utulivu si sawa na kutosogea. Papi zetu zilikuwa na unene wa karibu milimita 10, na unene huo ulikuwa ukikata nyuzi. Zikifura asilimia 2 tu, kila upande unaongeza sehemu mbili za kumi za milimita. Ganda la brasi haliachii nje, kwa hiyo mfuro wote unakuja ndani, upande huu na upande ule: jumla nne za kumi. Tulikuwa tumeacha tatu za kumi. Halafu zile papi tulizozibana ubavu kwa ubavu kwa fahari, nazo zilifura kwa upana, zikakosa pa kwenda, zikasukumana kuelekea shafti. Hapo ndipo ilipotoka ile sehemu moja zaidi.

Na kwa nini haikuonekana siku ya kwanza, wala ya pili? Kwa sababu mpingo unakula maji, ila unakula polepole mno. Mninga ungetuumbua jioni ile ile. Mpingo ulitupa siku nne za kusifiwa.

Mzee alikaa na bushi mapajani muda mrefu akiigeuzageuza. Hakutetea maneno yake. Alichofanya ni kuchukua kipande cha mpingo, akakisimamisha wima kwenye meza, akaweka kidole juu, kwenye ncha za nyuzi. "Huku haufuri?" Nikamwambia kidogo mno, hata kuupima ni shida. "Basi shafti tuielekezee huku."

Yeye hakujua, nami nilikumbuka baadaye, kwamba mafundi wa meli kubwa walikuwa wakifanya hivyo hivyo kwenye nusu ya chini ya bushi, ile inayobeba uzito: waliuweka lignum vitae ncha za nyuzi zikitazama shafti, kwa kuwa upande huo pia haulikagi haraka. Nusu ya juu waliweka papi za kulala kuokoa mbao na kazi. Sisi tuliamua kuzunguka duara zima.

Kazi ikabadilika sura. Papi ndefu haziwezekani tena, maana kwa nyuzi zinazotazama shafti unahitaji vipande vilivyokatwa kama unavyokata muhogo. Tuligawa ganda safu nane, kila safu vipande vinne vya milimita 40. Jumla 32. Mzee alipozihesabu mezani, nyeusi zimepangwa, akasema hizo ni kete za mtu mmoja kwenye bao, na kweli, bao la Kiswahili lina kete 64, kila mchezaji 32. Tangu hapo hatukuziita jina jingine. Mpingo wenyewe tuliupata kwa wachongaji, mabaki ambayo ni mafupi mno kwa vinyago. Nilifurahi kwa hilo: mti huu unahitaji miaka 70 na zaidi kufikia ukubwa wa kukatwa, na si haki kuangusha mmoja kwa ajili ya bushi. Tulichagua kiini cheusi peke yake. Ule ukingo wa manjano ni laini, haufai hata kipande kimoja. Vumbi lake nalo linawasha pua na ngozi, funga kitambaa.

Kete zilikatwa kubwa kidogo kuliko zinavyotakiwa, zikaingia kwenye ndoo ya maji ya bahari kabla ya kuguswa tena. Sikutaka kukisia siku. Niliazima mizani ya sonara pale Ngamiani, nikawa napima kete moja niliyoitia alama. Siku ya kwanza gramu 12.3. Ikapanda kila siku, kwa pole, mpaka siku ya 14, ikafika 13.5. Siku ya 15 na ya 16 haikusogea. Imeshiba. Upana wake ulikuwa umeongezeka kutoka milimita 21.5 hadi 21.9. Unene, ule wa kufuata nyuzi, venia yangu, kile kipimo cha meno mawili, haikuona tofauti yoyote. Nilimwita mzee aje aone mwenyewe, akapima mara tatu.

Kuanzia hapo kazi yote ilifanyika mbao zikiwa mbichi kwa maji, na kila tulipokwenda kula tulizifunika kwa gunia bichi. Kila kete ilipigwa tupa iwe pana nje, milimita 20 na nusu, na nyembamba ndani, chini kidogo ya 13, kama mawe ya tao. Katikati ya safu na safu niliweka ukanda wa brasi wenye unene wa milimita 3 na kimo cha 5, umefungwa kwa skrubu kutoka nje ya ganda. Kanda hizi zinafanya kazi mbili. Zinazishika kete zisitoke, kwa sababu chini ni pana kuliko juu. Na kwa kuwa kimo chake ni nusu tu ya kimo cha kete, juu ya kila ukanda unabaki mfereji wa milimita 3 unaokwenda urefu wote. Mifereji minane badala ya minne, na hata kete ikifura zaidi kidogo, ina pa kupumulia.

Kulipanua tundu la bushi hii nilikataa kutumia mashine. Kisu cha mashine kingegonga ukingo wa kete kila mzunguko, na mpingo wa ncha za nyuzi unavunjika ukingoni upesi. Nilisaga tupa kuukuu ya pembe tatu ikawa kisu cha kukwangulia, tukakwangua kwa mkono siku mbili. Ili kujua wapi pamebaki juu, fundi hupaka shafti masizi na mafuta, huiingiza, huizungusha, kisha hutazama palipochafuka. Nilikwisha kuchukua masizi ya kandili kabla sijatambua kwamba mpingo ni mweusi na nisingeona kitu. Mzee akanipa chaki yake ya kuchorea mbao. Tuliisaga na mafuta kidogo ya nazi, tukapaka mche wa chuma, na kila ulipotoka, kete zilizojitokeza zilikuwa na doa jeupe dogo kama punje ya mchele. Unakwangua lile doa tu. Unapaka tena. Mwanzo madoa yalikuwa kwenye kete sita au saba. Mwisho yalikuwa kwenye zote 32, mepesi, kama mtu alipuliza unga.

Vipimo nilivifanya kwa miche miwili niliyoikereza maalumu: mmoja wa 40.30, mwingine wa 40.40. Wa kwanza lazima uingie, wa pili lazima ukatae. Ni njia salama kuliko kupima tundu la mbao kwa venia, ambayo meno yake huzama kwenye kingo na kukudanganya.

Bushi ilitoka kwenye ndoo ikaingia kwenye fashini siku hiyo hiyo, bamvua iliyofuata.

Tangu hapo ni miezi saba. Kila chombo kinapopandishwa, napitisha fila kati ya shafti na kete za juu. Mwezi wa kwanza nafasi ilikuwa 0.35. Mara ya mwisho ilikuwa 0.45, na shafti haina mkwaruzo mpya. Tumekubaliana na mwenye chombo kwamba ikifika milimita 1.2 tunabadilisha kete, hatusubiri kuona brasi ya zile kanda imeng'aa, maana ikifika huko shafti imeshaumia. Ugumu uliobaki ni ukavu. Saa chache za kupwa hazina madhara, lakini mashua ikikaa pwani wiki nzima kwa matengenezo, kete zitanywea na kupasuka. Nahodha anaziba tundu pande zote mbili kwa gunia na anamtuma kijana kulimwagia maji asubuhi na jioni. Ndoo ya kete za akiba iko chini ya meza ya mzee, na maji yake tunayabadilisha kila Ijumaa kabla ya swala.